TAHADHARI DODOMA: Gari inakata nguvu halafu inarudi yenyewe? Angalia wasikuuzie kontrol boksi

Wakuu habari za mchana. Hii ni kwa wenye gari za miaka ya tisini hapa Dodoma, Corolla 100, Carina, Mark II na ndugu zake. Kuna jamaa anauza spea na fundi wake yuko hapohapo nje ya duka, jina siliweki na mtaa siutaji maana nasikia huu mchezo hachezi peke yake, ila mbinu naieleza yote.

Gari ni ya shemeji yangu, Corolla AE100 ya 1993, injini 5A-FE, anafuatia alizeti Manyoni. Mjini inatembea vizuri tu. Shida ni ukishapita Bahi ukaanza kupandisha kuelekea Manyoni, unakanyaga mafuta gari haivuti, inakohoa, spidi inashuka mpaka malori yanakupita. Unapaki pembeni, unakunywa maji, unapiga stata inaenda kama haikuwahi kuumwa. Sasa ugonjwa wa kuja na kuondoka namna hii ndo matapeli wanaupenda kuliko wote, maana gari ikishalala gereji inarudi yenyewe, kwahiyo chochote walichofunga siku hiyo kinaonekana ndo dawa na wewe unalipa huku unashukuru.

Wakaanza na pampu ya mafuta. Boksi la Denso, laki na thelathini, "orijino hii mzee". Gari ikapona, safari iliyofuata ikakata palepale mlimani. Shemeji akarudi dukani, jamaa wala hakubisha, akatoa simu na kale kadude ka kusomea koda (namba za hitilafu ambazo gari inazihifadhi), akaingiza mkono chini ya dashibodi akachezacheza huko, kisha akamwonyesha maandishi mekundu kwenye simu, P0606, kwamba kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua. Mtumba kutoka Japani, laki tatu na nusu. Juu ya hapo akaambiwa masega (kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi) yameziba, wakayakata wakachomelea bomba tupu, hela ya kukata na kuchomelea ikalipwa na masega wakabaki nayo wao.

Gari ilipokata tena ndo ikaletwa kwangu, na nilipoambiwa hiyo P0606 nilicheka kwanza. AE100 haina soketi ya pini 16 ya kuchomeka hako kadude! Koda za kuanza na P na tarakimu nne ni za mfumo wa OBD2, ule ambao Marekani waliulazimisha kwa gari za kuanzia 1996. Hii ya shemeji koda zake ni za namba mbili na zinasomwa kwa taa. Fungua boneti, kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika maana yake hakuna koda. Tulifanya hivyo, ikapepesa mfululizo. Kwahiyo yale maandishi mekundu aliyaandaa tu kwenye simu yake, gari haikumwambia kitu.

Tukatoa pampu. Ile "mpya" inanuka petroli iliyochacha, pini zake za umeme zina mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa, na maandishi ya kwenye mwili wa pampu yamesuguliwa. Pampu ya mtumba ndani ya boksi jipya. Pampu iliyokuja na gari walibaki nayo na mimi sioni kwanini nisiamini kwamba imeshaingia kwenye boksi la mteja mwingine.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa palepale chini ya pampu, ile neti ya kuchujia imejaa tope la kutu, hawakuibadilisha, waliihamisha kutoka pampu ya zamani kwenda hii. Tangi la zaidi ya miaka thelathini mnategemea nini. Ukiendesha na mzigo mlimani pampu inavuta kwa nguvu, uchafu unaganda kwenye neti, mafuta hayapiti. Ukizima injini mvuto unaisha, uchafu unadondoka, gari inapona mpaka ujikusanye tena. Wanaoendesha na taa ya mafuta inawaka kila siku mnajitafutia hii kitu, na pampu nayo inaungua mapema maana inapozwa na petroli hiyohiyo.

Kabla hatujafungua tangi tulihakikisha kwa geji ya presha ya mafuta, tukaifunga kwa mpira mrefu tukaibana juu ya kioo cha mbele tukaenda nayo barabarani. 5A-FE ukichomoa kimpira cha vakyumu kwenye regyuleta (kifaa cha kurekebisha presha ya mafuta) inatakiwa isome kama psi 38 hadi 44. Gari ilipoanza kukohoa mshale nao ukashuka, hapo ni mafuta, hakuna ubishi. Mshale ungebaki juu huku nguvu inakata tungeenda kwenye koili, waya za plagi, distribyuta, au upande wa hewa. Fundi akisema pampu mbovu mwambie apime gari ikiwa inaumwa, akikataa ondoka na gari yako. Tulisafisha tangi, neti mpya, filta mpya ya kule mbele, mlima inapanda na gunia zake.

Kuhusu masega, ni kweli yakiziba gari inakosa nguvu, ila mara nyingi hali inazidi kuwa mbaya taratibu, haiponi kwa kupaki ukanywa maji. Ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, wanunuzi wapo. Asikatishe mtu bila kupima, na yakikatwa yaingie kwenye buti yako. Spea yoyote iliyotolewa ni yako, dai palepale.

Shemeji alipewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, haina hata jina la duka. Daini risiti ya EFD kabla hela haijatoka mfukoni, maana bila hiyo ukienda polisi au FCC (Tume ya Ushindani) kulalamikia bidhaa feki unaanza kwa kubishana kama ulinunua kweli. Tulivyorudi jamaa alituonyesha kibao cha bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Kontrol boksi ya awali bado hatujaipata. Kama kuna mtu kauziwa ya AE100 siku za karibuni, geuza uangalie stika ya namba inayoanza na 89661, yetu ina alama ya rangi nyeupe pembeni ya hiyo stika. Niambie, nitakuja na ile tuliyofungiwa tubadilishane.