Uzoefu wangu: mkanda mpya kwenye Probox, na kelele ambayo mkanda peke yake haukuimaliza

Gari ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, lita 1.5. Inazunguka Tabora mjini na kwenda Sikonge mara kwa mara. Nilinunua vitu vitatu: kopo la dawa ya kupulizia mkanda, mkanda wa nje wa injini (fenibelti) wa kampuni ya Bando, na beringi ya mbele ya alteneta, mashine inayochaji betri. Nitatoa alama kwa dawa, mkanda na kazi ya kufunga beringi. Lakini ukienda dukani ukasema "gari inalia fenibelti", utauziwa mkanda, na muuzaji hana kosa kwa sababu mkanda ndio ulioomba. Kujua kama ni mkanda kweli ni kazi yako kabla hujatoa hela.

Kwenye injini hii mkanda ni mmoja, wenye mbavu (mistari ya mpira inayoingia kwenye mifereji ya puli), na puli ya kranki, inayozungushwa na injini yenyewe, inauzungusha upitie wota pampu (pampu ya maji ya kupoza injini), alteneta na kompresa ya AC. Hakuna tenshena ya kujikaza yenyewe. Unakaza kwa kusogeza alteneta. Steringi ni ya umeme, kwa hiyo pampu ya pawa haimo kwenye orodha ya washukiwa. Wanaodhani huu ndio mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, watulie: 1NZ ina cheni ndani, mkanda huu wa nje ukikatika valvu hazigongi pistoni. Ila wota pampu inasimama. Taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla ukiwa njiani, usijipe moyo kwamba betri itakufikisha. Zima, fungua boneti uangalie mkanda, maana injini itachemka mapema kuliko betri kuisha.

Kelele zenyewe ziko za aina tatu na hazifanani. Ya kwanza ni mluzi mrefu, mkali, unaotoka ukiwasha gari asubuhi au ukiwasha AC na taa kubwa kwa pamoja, kisha unapotea baada ya dakika moja au mbili. Huo ni mkanda unaoteleza. Asubuhi unalia zaidi kwa sababu starta imekula umeme wa betri na alteneta inafanya kazi kubwa kuurudisha, hivyo puli yake inakuwa nzito na mkanda uliolegea unashindwa kuishika. Ya pili ni chwi-chwi-chwi kama kifaranga, fupi fupi, inasikika zaidi gari ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na inaongeza kasi ukikanyaga mafuta. Hapo mara nyingi puli hazijakaa kwenye mstari mmoja, au kuna kijiwe kimekwama kwenye mfereji wa puli. Ya tatu ni mngurumo wa kukwaruza, kama mchanga ndani ya chuma. Hiyo ni beringi, na hakuna mkanda duniani utakaoitibu.

Kutenganisha mbili za kwanza kunahitaji maji tu. Chukua chupa ya kupulizia, ile ya saluni inafaa kabisa, washa injini, kisha pulizia maji kidogo upande wa mbavu za mkanda. Kelele ikiongezeka, mkanda unateleza: umelegea au umechakaa. Ikinyamaza kisha ikarudi maji yakikauka, tafuta puli iliyopinda au iliyokaa kombo. Vua utepe wa kitambulisho shingoni, kunja mikono ya shati, na mkono ukae mbali na puli.

Kwangu mluzi uliongezeka, lakini chini yake kulikuwa na mngurumo ambao maji hayakuugusa. Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili, na ndiyo maana mkanda wa bei rahisi uliokuwa umefungwa kabla ya huu ulionekana "umekataa".

Dawa ya kupulizia ilikuja kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi. Ilinyamazisha mluzi siku mbili. Inafanya mpira unate kwa muda, na kwenye vumbi letu la kiangazi kunata huko kunakusanya mchanga laini ambao unasaga mbavu na puli kwa pamoja. Sabuni ya kipande na mshumaa ni familia hiyo hiyo. Alama 1 kati ya 5, na hiyo moja ni ya kopo kutovuja.

Sasa mkanda. Usiende dukani na jina la gari tu, nenda na namba iliyoandikwa mgongoni mwa mkanda wa zamani. Kwa mfano 4PK1230: 4 ni idadi ya mbavu, PK ni aina ya mbavu za mikanda ya magari, 1230 ni urefu kwa milimita. Namba ikifutika, hesabu mbavu na upime urefu kwa uzi. Mkanda mrefu kwa sentimita moja au mbili utaingia kirahisi na fundi atafurahi, lakini alteneta itafika mwisho wa reli yake ya kukazia kabla haujakaza vizuri. Wangu ulikuwa Sh 38,000. Uliotangulia, usio na jina, ulikuwa karibu theluthi ya bei hiyo.

Kuna kosa hata mafundi wazoefu wanalifanya: wanaukunja mkanda, hawaoni nyufa, wanasema mzima. Mikanda ya zamani ya neopreni ilipasuka ikizeeka, lakini ya siku hizi ni mpira wa EPDM, ambao unakwisha kama tairi linavyokwisha, bila nyufa. Mfereji kati ya mbavu unapanuka polepole, mkanda unazama ndani ya puli hadi ncha za mbavu za puli zinagusa sakafu ya mfereji, na hapo hata ukikaza kwa mtaimbo utateleza tu. Linganisha mkanda wa zamani na mpya uso kwa uso. Wangu wa zamani ulikuwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi.

Kufunga: toa waya wa hasi wa betri. Legeza bolti ya reli na bolti ndefu ya egemeo ya alteneta, kwa spana namba 12 na 14, kisha sukuma alteneta kuelekea injini na utoe mkanda. Kabla ya kufunga mpya, usikose hatua hii: mkanda ukiwa nje, washa injini kwa nusu dakika tu, si zaidi, kwa kuwa wota pampu haizunguki (rudisha waya wa betri kwanza, usiuchomoe injini ikiwa inawaka). Mngurumo ukipotea, chanzo kipo kwenye kimojawapo cha vitu vinavyozungushwa na mkanda. Zima, zungusha kila puli kwa mkono na uitikise. Wota pampu isicheze ukiitikisa, na angalia kitundu chake cha chini kama kina alama ya maji yaliyokauka. Kwa wanaojaza maji ya bomba matupu, alama inakuwa nyeupe au ya kutu. Puli ya kompresa ina beringi yake inayozunguka hata AC ikiwa imezimwa, kwa hiyo "mimi situmii AC" si utetezi. Yangu ilikuwa alteneta: ukiizungusha unasikia punje punje.

Beringi ilifungwa na fundi umeme, si fundi injini, na huduma yake naipa 5. Alisoma namba ubavuni mwa beringi ya zamani badala ya kukisia, akachagua yenye mpira pande zote mbili (2RS) badala ya ile ya kava za bati (ZZ), ambayo kwa vumbi la huku haikai. Akaiingiza kwenye nyumba yake kwa kusukuma ringi ya nje. Ukiipigilia ringi ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi na beringi mpya inaanza kazi ikiwa na majeraha. Kwa vile alteneta ilikuwa wazi, alipima pia urefu wa kaboni zake, zile brashi za ndani. Baada ya kufunga, mita ilisoma volti 14.2 kwenye betri injini ikiwaka. Kati ya 13.5 na 14.5 huwa sina wasiwasi.

Mifereji ya puli nilisugua kwa brashi ya waya na maji ya sabuni, injini ikiwa imezimwa. Petroli au dizeli isiguse mkanda, inavimbisha mpira. Ukikuta oili, tafuta inakotoka kwanza: gasketi ya kava ya valvu au sili ya kranki. La sivyo mkanda mpya utalowa ndani ya wiki.

Kukaza ndiko kunakoua beringi nyingi. Mtaimbo uegemee mwili mnene wa alteneta, usiguse mapezi ya alumini. Kupima, nilitumia mizani ya mkononi ya kuning'iniza: laza rula kutoka puli hadi puli, vuta mkanda katikati kwa nguvu ya kilo 10, soma umesogea kiasi gani. Kwenye hii yangu milimita 8 kwa mkanda mpya, na 11 hivi kwa uliokwishatembea, ndiyo inakaa kimya. Injini nyingine ina vipimo vyake kwenye kitabu. Toyota wanauhesabu mkanda kuwa "uliotumika" baada ya dakika 5 tu za kuzunguka, kwa hiyo pima tena siku hiyo hiyo, halafu baada ya kilomita mia kadhaa. Mimi niliongeza kidogo mara moja.

Mkanda nautolea alama 4. Ya tano naishikilia kwa sababu miezi minne, yote ya kiangazi, haitoshi kuuhukumu. Mvua za Novemba ndizo zitakazosema, hasa kwa kuwa kava ya plastiki nyuma ya gurudumu la mbele kulia, inayozuia matope kurukia puli ya kranki, ilikuwa haipo. Probox nyingi hapa mjini hazina. Nimepata ya mtumba kwa Sh 15,000 na klipu zake sita, na kwa kelele za masika huenda ndicho kifaa cha maana kuliko vyote nilivyonunua. Mkanda wa zamani, na ubaya wake, uko kwenye buti kama akiba pamoja na spana 12 na 14, umeviringishwa bila kukunjwa.