Regulata ya kaboni dioksidi ya hatua mbili, baada ya miaka miwili kwenye tangi la mimea

Regulata ninayoitathmini hapa, yaani kifaa cha kushusha presha ya gesi inayotoka mtungini kwenda kuilisha mimea ya tangi la samaki, ni ya pili kwangu, na niliinunua kwa sababu ya yale yaliyonipata na ile ya kwanza. Ile ilikuwa ya hatua moja, yaani hushusha presha mara moja tu, yenye geji mbili zinazong'aa na bei ya kuvutia, na kwa miezi saba haikunipa sababu ya kulalamika. Kisha asubuhi moja nikakuta samaki wote wamejazana juu ya maji wakitweta, viputo vya gesi vinapita mbio kwenye kihesabu viputo kiasi kwamba havihesabiki, na ule ujiuji wa kupimia gesi unaoning'inia kwenye kioo, uliokuwa kijani jana yake, umegeuka njano kama limau, dalili ya gesi kuzidi. Nilifunga mtungi, nikawasha pampu ya hewa na kubadilisha nusu ya maji. Wengi walipona, lakini si wote.

Kumbe mtungi ulikuwa unaelekea kwisha. Kaboni dioksidi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na maadamu kimiminika hicho kingalipo, presha hufuata joto wala haifuati kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi geji husoma takriban bar 57, mtungi uwe umejaa au umebaki nusu. Kimiminika kikiisha ndipo mshale huanza kushuka, na hapo regulata ya hatua moja hufanya jambo ambalo mtu hangelitarajia: presha inayoingia ikipungua, inayotoka hupanda. Ndiyo maana siku hizi mtungi wangu naupima kwa mizani, nikitoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa karibu na shingo yake, na geji ya presha kubwa naiangalia kwa ajili ya kutafuta uvujaji tu.

Hii ya hatua mbili huishusha presha kwanza hadi kiwango cha kati, kisha hatua ya pili hupokea presha isiyoyumba sana na kuishusha tena. Kwa makusudi niliuacha mtungi mmoja wa kilo 2 uishe kabisa huku nimekaa pembeni, mkono karibu na vali. Viputo vilipungua polepole mpaka vikakoma, na hakuna samaki aliyepanda juu.

Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kuisifu, ningeisifu vali ya sindano, ile ya kurekebisha kasi ya viputo. Kwenye regulata yangu ya zamani, kugusa kidogo tu kitasa kulitosha kutoka kiputo kimoja kwa sekunde hadi mfululizo usiokatika. Kwenye hii nazungusha karibu nusu duara ili kutoka kiputo kimoja hadi viwili, na nikirudi baada ya wiki nakuta kasi ni ileile. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza asiwe na pupa, kwa sababu kisambazaji cha kauri, kinachoivunja gesi kuwa viputo vidogo ndani ya maji, huhitaji presha ya takriban bar 2 na huchukua dakika kadhaa kabla ya kuonyesha badiliko lolote.

Solenoidi, yaani vali inayoendeshwa kwa umeme, hufungua gesi umeme unapokuwapo na kuifunga unapokatika, jambo ambalo ni salama. Huwa ya uvuguvugu ikiguswa, na hilo si tatizo. Nimeiunganisha na taima ili gesi ianze saa mbili kabla ya taa kuwaka na ifungwe saa moja kabla ya taa kuzimwa, kwa kuwa gizani mimea haina kazi nayo.

Malalamiko yangu yako kwenye vitu vidogo. Kihesabu viputo ni chembamba mno na maji yake hukauka, hivyo nilitia gliserini badala yake. Vali ya kuzuia maji yasirudi iliyokuja nayo ni ya plastiki dhaifu. Niliiondoa na kuweka ya chuma kisichoshika kutu, kwani maji ya tangi yakiifikia solenoidi huiharibu. Mpira uliomo kwenye boksi ni wa silikoni, ambao hupitisha gesi kwenye kuta zake, kwa hiyo unafaa kubadilishwa kwa wa poliyurethani. Kabla ya yote hayo, mnunuzi autazame mtungi wake: nati ya kipimo cha CGA 320 inayotumika Marekani haiingii kwenye mtungi wenye hesi za kipimo cha W21.8 ulioenea Ulaya, na adapta huongeza kiungio kingine cha kuvuja.

Matunzo hayachoshi. Kila ninapobadilisha mtungi naweka wosha mpya, nafunga nati kwa spana bila utepe wa hesi, kwa sababu kinachoziba ni wosha, kisha nalegeza kitasa cha presha ndogo kabla ya kufungua mtungi taratibu. Baada ya hapo napaka maji ya sabuni kila kiungio. Usiku wa kwanza nafunga mtungi na solenoidi, na asubuhi mshale ukiwa umeshuka najua kuna mahali panapovuja. Mtungi husimama wima, umefungwa mkanda, kwa sababu ukilala kimiminika huingia kwenye regulata.

Lililobaki ni ukubwa: pamoja na regulata hii, mtungi umekuwa mrefu kuliko kabati lililo chini ya tangi, na mpaka leo mlango wa kabati hilo haufungi.