Kigari cha umeme cha kusogezea chipa: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, ili asiye na muda asipotezewe: kigari hiki kimeuokoa mgongo wangu, lakini anayekinunua kwa ajili ya milima yenye tope atalia.

Chipa, yaani mashine ya kukatakata matawi kuwa vipande vidogo, yetu ni ile ya kuvutwa na gari, inayomeza matawi yenye unene wa inchi 6. Mashine nyingi za daraja hili hutengenezwa zisizidi kilo 750, kwa kuwa Ulaya trela lisilo na breki haliruhusiwi kupita uzito huo. Barabarani haina neno. Taabu huanza ukishaifungua kwenye gari, mti uko nyuma ya nyumba, na geti la pembeni halipitishi gari. Kwenye zege watu wawili wanaisukuma bila jasho. Kwenye udongo kile kigurudumu cha mbele kinazama, na mnaanza kuulizana nani kala nini asubuhi.

Kigari chenyewe hakina makuu: mota ya umeme, tairi mbili nene zenye meno, betri, mkono mrefu wa kushikia, na boli, yaani tufe la chuma la milimita 50 ambalo kichwa cha trela kinakalia. Unazima injini, unangoja visu visimame kabisa, unakunja mdomo wa kulishia matawi na kuufunga pini, kisha unapandisha kigurudumu cha mbele na kubonyeza kitufe. Mnakwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Ukiachia kitufe, breki inajishika yenyewe, na hilo nimelipenda kuliko yote.

Sasa lile ambalo muuzaji hakuniambia. Tangazo linajigamba kwa nguvu za mota, ilhali mota haijanipa shida hata siku moja. Kinachoamua ni mshiko wa tairi, na mshiko unatokana na uzito ambao chipa inaukandamizia kwenye boli. Uzito ukiwa mdogo, tairi zinazunguka bure, zinachana nyasi na kukurushia tope kwenye suruali, na mashine haisogei hata kiganja. Kwa hiyo urefu wa nguzo ya boli hauwekwi ovyo. Ukiinyanyua pua ya chipa, yaani ncha yake ya mbele yenye kichwa cha trela, uzito wa injini na visu unaegemea nyuma, boli inabaki nyepesi. Mimi naishusha mpaka chipa ikae sawa, au iiname mbele kidogo.

Mlimani ni mambo yale yale. Ukiivuta chipa kupanda, pua ikiwa mbele, mteremko unarudisha uzito nyuma na kigari kinakosa mshiko pale pale unapouhitaji. Igeuze, uisukume ipande kinyumenyume, uone tairi zinavyong'ata ardhi. Ila hapo wewe ndiye uko upande wa chini, basi simama pembeni ya mkono, usisimame nyuma yake, na mwenzako atembee na kabari karibu na tairi za chipa. Kukatiza mteremko kwa ubavu sijajaribu wala sina hamu. Chipa ina ekseli moja na uzito wake uko juu. Ikianza kulala hakuna wa kuizuia.

Nyasi zikiwa zimelowa tunatandika plaiwudi, na mwenye bustani anashukuru haijalimwa bure.

Betri zake ni za asidi, nzito kweli kupakia kwenye pikapu. Wenzangu wanalalamika, mimi naona uzito ule unaongeza mshiko, acha ubaki. Chaja ndiyo imeniudhi: waya mfupi, na taa yake imekufa mapema, kwa hiyo hujui betri imejaa au la. Niliahidiwa nyingine, bado naingoja.

Kama kazi zenu ni za milimani mwaka mzima, ongezeni hela mnunue chipa inayojiendesha kwa minyororo ya mpira. Ni nzito zaidi na ni ghali, lakini inapita mahali ambapo kigari hiki kingebaki kimezama. Kwa wengine, kabla ya kulipa pima uzito wa pua ya chipa yako: weka mizani ya nyumbani mahali palipo sawa, simamisha kipande cha mbao juu yake, kichwa cha trela kikalie hapo kwa urefu wake wa kawaida. Halafu muulize muuzaji kigari chake kinabeba uzito gani wa pua. Akikujibu kinavuta kilo ngapi tu, hajakujibu.