Ziara ya Kundi Uingereza: Soma Neno "Kuona" Kabla Hujalipa

Habari zenu jamani, karibuni sana. Leo nina karatasi hii mkononi, ngoja niisogeze karibu na kamera muione vizuri. Hii ni ratiba ya ziara ya kundi tuliyoifanya Uingereza: siku saba, watu 22, wote kutoka Dar na Bagamoyo, na kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya Afrika. Kampuni iliyotupeleka siitaji. Ninachochambua ni kifurushi chenyewe, maana vifurushi vya namna hii vinafanana sana na mmeniuliza mara nyingi kama vinafaa.

Haya, angalieni hapa nilipopiga mstari kwa kalamu nyekundu. "Siku ya pili: kuona Windsor Castle." Kuona. Neno hilo moja ndilo limenifanya niwashe kamera leo. Siku yetu ya pili iliangukia Jumanne, na kwa kawaida ngome ya Windsor haipokei watalii Jumanne na Jumatano. Tulikuta pamefungwa. Tukatembea kando ya ukuta, tukapiga picha, tukarudi kwenye basi. Nilipomuuliza mwongozaji, alinifungulia karatasi hii hii: imeandikwa kuona, haikuandikwa kuingia. Iliniuma. Kwenye kundi letu kulikuwa na mama aliyeweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya safari hii, na alichokuwa anakitamani kuliko vyote ni kuingia kanisa la St George's lililo ndani ya ngome, alikozikwa Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2022. Alirudi Dar bila kuliona.

Kwa hiyo ukipewa ratiba, pitia mstari kwa mstari na uulize: hapa tunaingia au tunapita nje? Tiketi imo kwenye bei? Ni siku gani ya juma? Kanisa la Westminster Abbey, kwa mfano, Jumapili ni ya ibada, watalii hawatembezwi. Majibu hayo yadai kwa maandishi.

Sasa nije kwenye kilichonifurahisha, na hapa nawapa haki yao. Tower of London, ile ngome ya kale, waliipanga vizuri mno. Tulikuwa getini kabla halijafunguliwa, na mwongozaji akatupeleka moja kwa moja kwenye vito vya kifalme kabla foleni haijajaa. Mle ndani hakuna ruhusa ya kupiga picha. Unasimama juu ya mkanda unaotembea, unapitishwa taratibu mbele ya mataji, na sisi kwa kuwa watu walikuwa wachache tulirudia mara tatu. Kwenye ile fimbo ya kifalme kuna almasi ya karati 530, iliyokatwa kutoka jiwe la Cullinan lililochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Niliikazia macho mpaka mkanda ukanipitisha. Halafu kuna walinzi wenye sare zao za kale, ambao hawapewi kazi hiyo mpaka wawe wametumikia jeshi angalau miaka 22. Wanakutembeza na kukusimulia bila malipo ya ziada ukishakuwa na tiketi. Kiingereza chao ni cha kasi, na wazee wetu kilikuwa kinawapita.

Hapo ndipo vile visikilizio vya sikioni vilipotusaidia. Kila mtu alipewa kimoja, mwongozaji anaongea taratibu kwenye kipaza sauti chake, na hata ukiwa nyuma kabisa unamsikia. Kama kundi lako lina wazee, hiki kitu usikubali kikosekane.

Stonehenge, ule mduara wa mawe makubwa ya kale. Ratiba inasema muda wa saa moja na robo. Inasikika kama inatosha, lakini subirini niwapigie hesabu. Basi linaegeshwa kwenye kituo cha wageni, na mawe yenyewe yako kama kilomita mbili mbele, unapelekwa na basi dogo. Toa foleni ya kwenda, toa foleni ya kurudi, toa maliwato, maana mmetoka London na wazee wamekaa garini muda mrefu. Tulibaki na nusu saa. Na mahali pale panataka uzunguke polepole, kwa sababu unapita nje ya kamba, huruhusiwi kugusa. Ukiwa upande mmoja unaona rundo la mawe, ukisogea hatua ishirini yanajipanga kuwa milango. Yamesimama pale miaka kama 4,500, na yale madogo yaliburutwa kutoka Wales, umbali wa kama kilomita 240. Nusu saa haitoshi. Dai saa mbili.

Mji wa Bath tulipita mchana huo huo, tumechoka. Maji ya chemchemi yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46, bwawa la Warumi linafuka mvuke, pazuri. Ila kulazimisha Bath na Stonehenge siku moja ni kuwachosha watu bure.

Nimeiacha Westminster Abbey makusudi ije mwisho. Ratiba haikutaja kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, hata kidogo. Tulikuwa tunapita katikati ya kanisa, chini kuna jiwe jeusi lenye herufi za shaba, na mzee wetu mmoja wa Bagamoyo akasimama ghafla. Kundi zima likakwama nyuma yake. Jiwe linasema aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mzee akamwambia mwongozaji, "Mwanangu, hiyo mikono ina wenyewe." Akaanza kutueleza pale pale, kwa Kiswahili, na mimi nikawa natafsiri: jinsi Livingstone alivyofariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, na wahudumu wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Jacob Wainwright, mmoja wao, akapanda meli na mwili huo mpaka Uingereza, akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza humo humo kanisani. Kwenye lile jiwe hakuna jina la hata mmoja wao. Mzee aliyataja kwa sauti, moja moja, ameshika kofia yake kifuani. Mwongozaji akazima kipaza sauti chake akasikiliza hadi mwisho, hakuangalia saa.

Kwa dakika hizo kumi ningelipa tena. Kwa ratiba hii ilivyo, silipi. Waondoe Bath au waipe siku yake, waongeze muda Stonehenge, na kaburi la Livingstone liandikwe kwenye karatasi kwa kundi lolote linalotoka kwetu.

Ratiba yao ya msimu ujao nimeshaiomba, hii hapa. Windsor wameihamishia Alhamisi. Neno bado ni "kuona". Nimewaandikia waandike "kuingia, tiketi imo", na jibu likifika nitalisoma hapa hapa.