pretalx kwa mratibu wa mkondo wa mada: tumeipima kwa mazingira ya Mbeya

Anayekabidhiwa mkondo mmoja kwenye mkutano wa programu za kompyuta hubeba kazi tatu kwa mpigo: kukusanya mapendekezo ya mada, kuyachuja bila kugombanisha watu, na kupanga ratiba isiyobadilika kila jioni. Huku Nyanda za Juu Kusini kazi hizo kwa kawaida hufanywa kwa Google Forms, jedwali moja la pamoja na kundi la WhatsApp. Kwa mada sita, njia hiyo inatosha na hakuna sababu ya kuiacha. Mikondo ikifika mitatu, kila mmoja na waratibu wake, jedwali lile lile linahaririwa na mikono kumi. Safu inafutwa, mtu anajibiwa mara mbili, mwingine hajibiwi kabisa. Hapo ndipo pretalx inapostahili kuangaliwa.

pretalx ni programu huria ya kupokea mapendekezo ya mada, kuyakagua na kupanga ratiba ya mkutano. Imeandikwa kwa Python na Django, na asili yake ni Ujerumani. FOSDEM, mkutano wa kujitolea wa Brussels usio na kiingilio wala kujiandikisha, iliihamia kwa ajili ya mkutano wa 2024 baada ya miaka mingi ya kutumia Pentabarf, programu ya zamani ya kazi hiyo hiyo. Tunaitaja FOSDEM kwa sababu muundo wake ndio huu tunaouzungumzia: kila chumba cha mada kina waratibu wake wanaochagua wazungumzaji wao wenyewe, na waandaaji wakuu wanashughulikia majengo, mtandao na ratiba ya jumla. Mfano wa mapitio haya ni mdogo zaidi: mkondo wa siku moja kuhusu programu za kilimo, ukumbi mmoja wa chuo Mbeya, wasikilizaji wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya MUST na TEKU, waandishi wa programu wa mjini, na watendaji wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) za kahawa kutoka Mbozi.

Kuipata kuna njia mbili. Unaweza kulipia huduma ya watengenezaji wenyewe kwenye pretalx.com, au uisimike kwenye seva yako. Kwa kuisimika unahitaji VPS ya Linux, yaani seva ya kukodi mtandaoni (RAM ya GB 2 inatosha mkutano mdogo), Python, hifadhidata ya PostgreSQL, nginx ya kupokea wageni wa tovuti, na cheti cha HTTPS. Kwa majaribio hifadhidata ndogo ya SQLite inafanya kazi, lakini usiende nayo kwenye mkutano wenyewe. Kazi ya cron (kipangaji cha kazi za kujirudia kwenye Linux) inayoita amri ya runperiodic isisahaulike, maana shughuli zake za kujirudia hutegemea hiyo. Kinachokwamisha wengi si programu, ni baruapepe. Barua zinazotoka kwenye VPS mpya isiyo na SPF wala DKIM, yaani rekodi za kuthibitisha mtumaji, huishia kwenye taka za Gmail, na mzungumzaji anaamini hamkumjibu. Tumia huduma ya kutuma barua (SMTP) inayoaminika, kisha jitumie barua ya majaribio kwenye Gmail na kwenye anwani ya chuo kabla ya kufungua wito.

Kabla hujagusa kitu kingine, weka majira ya mkutano kuwa Africa/Dar_es_Salaam. Yakibaki UTC, ambayo iko saa tatu nyuma ya zetu, mwisho wa kupokea mada uliouandika 23:59 utafunga saa 8:59 usiku kwa saa zetu, na hilo mtu anaweza kulivumilia. Baya ni faili la kalenda (iCal): mada ya saa 3 asubuhi itaingia kwenye kalenda ya simu kama saa 6 mchana. Na kwa kuwa kurasa zake huandika 09:00 na 15:00, tangazo la kwenye kundi liandikwe kwa saa za Kiswahili, pamoja na neno asubuhi au alasiri. Mtu akisoma "saa 9" peke yake ana haki ya kufika alasiri.

Fomu ya wito ni sehemu yake nzuri. Unaweka aina za mada pamoja na urefu wake, kwa mfano mada fupi dakika 10 na mada kamili dakika 25. Unaweka mikondo kwa rangi, unachagua sehemu zipi ni za lazima, na unaweka kikomo cha maandishi. Muhtasari tunashauri usipungue herufi 300. Chini ya hapo mkaguzi hana cha kukagua, na kinachobaki ni kumpima mtu kwa jina lake. Maswali ya ziada unaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na kwa mkutano wa huku manne hayakwepeki: namba ya WhatsApp, lugha atakayotumia, anasafiri kutoka wapi na atafika lini, na kompyuta yake ina tundu la HDMI au USB-C tu. Swali la namba ya simu lipewe alama ya taarifa binafsi na lisiwe la kuonekana hadharani. Alama hiyo ipo kwenye mpangilio wa kila swali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata wanaojitolea.

Mtoa mada lazima afungue akaunti kwa baruapepe na nywila, na hatua hiyo inapunguza watu. Mkulima mwenye programu nzuri ya kupima kahawa kwenye mizani ya AMCOS hatapambana na kurasa nne kwa bando la simu. Matoleo mapya yanaruhusu kuhifadhi rasimu, ila rasimu si pendekezo: iko kwake tu, haijafika kwenu. Dawa ni mratibu kuingiza pendekezo mwenyewe kwa niaba ya mtu huyo kupitia upande wa waandaaji. Programu inaruhusu, na kwa mkondo wa kilimo tungetegemea robo ya mada nzuri zije hivyo. Wito pekee hauleti mada. Fomu inapokea waliokwisha kuamua kuja, waliobaki wanafuatwa kwa simu.

Mambo ya misimbo ya kuingilia hayazungumzwi sana, nayo ndiyo yanayookoa mratibu. Unatengeneza msimbo wa mkondo mmoja, unaotumika mara moja, wenye tarehe yake ya mwisho. Ukiupeleka kwa mzungumzaji uliyemwalika, anaweza kuwasilisha hata dirisha likiwa limefungwa kwa wengine. Bila huo, utaombwa "fungua kidogo tu" na ukifungua unawafungulia wote.

Ukaguzi sasa. Kila mkondo unaweza kuwa na timu yake ya wakaguzi, na timu ikafungwa ione mkondo wake tu. Alama unazipanga wewe. Chukua kipimo cha 0 hadi 3, kwa sababu kikiwa na namba ya katikati wakaguzi waoga wote watakaa hapo. Weka wakaguzi wasione maoni ya wenzao mpaka waandike yao. Mpangilio huo upo, na bila huo mkaguzi wa pili humfuata wa kwanza kama ni mwalimu wake. Mtu haruhusiwi kukagua pendekezo lake mwenyewe, hilo programu inalizuia bila kuambiwa. Kuficha majina ya wazungumzaji pia kunawezekana, lakini tusijidanganye: waandishi wa programu Mbeya wanajuana, na maelezo yakitaja mfumo wa stakabadhi wa chama fulani kila mtu anajua ni wa nani. Ficha majina kama mna mapendekezo mengi ya wageni. Vinginevyo weka wakaguzi watatu kwa kila mada, mmoja wao awe wa nje ya mji.

Sasa barua, na hapa ndipo pretalx inapowatia watu aibu. Pendekezo lina hali kadhaa: limewasilishwa, limekubaliwa, limethibitishwa, limekataliwa, limeondolewa na mwenyewe, au limefutwa. Ukibonyeza kukubali, barua haitumwi. Inaingia kwenye sanduku la barua zinazosubiri mpaka mtu aingie aitume. Ni mpango mzuri, unakupa nafasi ya kusoma tena na kurekebisha. Shida ni mbili. Ya kwanza, waratibu hukubali mada, hufunga kompyuta, na wiki mbili baadaye hushangaa hakuna aliyethibitisha: barua zote ziko sandukuni. Ya pili ni mbaya zaidi. Mzungumzaji akiingia kwenye akaunti yake huona hali mpya hapo hapo, hata kama barua bado. Ukikataa mada yake saa 4 usiku huku mkiendelea kubishana, ataiona kabla hamjamaliza kikao. Kwa hiyo tumieni hali ya kusubiri, yaani "itakubaliwa" na "itakataliwa", ambayo haionekani kwa mzungumzaji, halafu mzitekeleze zote kwa pamoja mkishakubaliana na barua zitoke siku hiyo hiyo.

Kukubaliwa hakutoshi. Mzungumzaji anatakiwa abonyeze kiungo cha kuthibitisha, na mada isiyothibitishwa haitokei kwenye ratiba ya hadharani hata kama umeipanga. pretalx yenyewe haitumi ujumbe wa WhatsApp, na huku baruapepe husomwa Jumatatu kama si mwisho wa mwezi. Toa orodha ya wazungumzaji kwa CSV (faili la jedwali), mpigie au mwandikie kila mmoja ndani ya siku mbili, na mpe siku saba za kuthibitisha. Asipojibu, nafasi iende kwa mtu wa akiba. Watu wa akiba wawe wawili kwa mkondo wa siku moja, na waambiwe wazi kuwa ni wa akiba.

Hesabu ya ratiba usiiachie programu. Saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni ni dakika 480. Toa chai 30, chakula 60 na ufunguzi 15, zinabaki 375. Kila nafasi ukiipa dakika 30 (mada 20, maswali 5, kubadilishana kompyuta 5) unapata mada 12 na dakika 15 za ziada, ambazo umeme ukikatika zitaliwa zote kabla ya mchana. Tungepanga mada 10. Dakika za kubadilishana programu haiziweki yenyewe: ukiburuta mada mbili zikagusana, itazikubali bila ubishi. Inachokamata vizuri ni mzungumzaji aliyewekwa mahali pawili kwa wakati mmoja, au aliyepangwa nje ya muda aliosema anapatikana. Muda huo unaulizwa kwenye fomu, na uulizeni kweli. Anayepanda basi asubuhi Iringa asipangwe kabla ya chakula cha mchana, na wa Songea au Sumbawanga afike jana yake.

Ratiba ikikaa sawa unaitoa kama toleo lenye jina, na mabadiliko ya kila toleo yanaonekana hadharani. Kila toleo linaweza kutengeneza barua kwa walioguswa na mabadiliko. Ndiyo maana msitoe toleo kila mnaposogeza mada moja. Kusanyeni mabadiliko, toeni mara moja kwa wiki, na siku ya mwisho toeni tu kama chumba kimehama au mtu amekosekana.

Kwa mtandao wa ukumbini, ambao watu mia wakiingia pamoja hulegea, pretalx imejiandaa kuliko tulivyotegemea. Ratiba ina sura isiyohitaji JavaScript. Inatoka pia kama faili la XML ambalo programu ya Android iitwayo Giggity hulisoma na kulitunza kwenye simu, kwa hiyo msikilizaji anapakua mara moja kwa bando dogo na baadaye haihitaji intaneti. Bandikeni msimbo wa QR wa kiungo hicho mlangoni, na karatasi ya A3 yenye ratiba kando yake, maana karatasi haiishiwi chaji.

Isiyoyafanya ni mengi. Haina bajeti, nauli wala posho. Tiketi ni kazi ya programu ndugu, pretix. Haijui kwamba projekta ya ukumbi ni ya VGA, wala kwamba mwenye ufunguo wa chumba haji Jumamosi. Haikupi mwenyekiti wa kikao mwenye kadi za "dakika 5" na "basi", na mkondo usio na mtu huyo huchelewa hata ratiba ikipangwa kwa ustadi gani.

Mbadala wa karibu ni Sessionize, ambayo si huria lakini mikutano ya jamii isiyotoza kiingilio huitumia bila kulipa, na haihitaji mtu wa seva. Timu isiyo na mtu wa Linux aliye tayari kupokea simu usiku iende huko, au ibaki na jedwali. Timu yenye mtu huyo na mikondo mitatu au zaidi, pretalx. Ianze kuandaliwa wiki 16 kabla: wito wiki 6, ukaguzi wiki 2, maamuzi na uthibitisho wiki 2, kisha toleo la kwanza la ratiba, na wiki sita za kutafuta wafadhili na kuhakikisha wasafiri.

Mkutano ukiisha, toeni nakala ya HTML ya ratiba kwa amri ya export_schedule_html, iwekeni kwenye GitHub Pages pamoja na slaidi, hifadhini nakala ya hifadhidata mahali salama, kisha zimeni VPS kabla bili ya mwezi unaofuata haijaingia.