Ofisi ya upatanishi wa familia, Mombasa: baba ametugawia shamba akiwa hai na bado twasalimiana

Naandika hii kwa wale wenye mzee aliye hai, shamba, na watoto zaidi ya mmoja, manake nyinyi ndio hasa mtafaidika. Jina la ofisi siliweki kwa vile mambo ya kwetu yamo humu ndani, lakini ni ofisi ndogo hapa kisiwani, mama mmoja mpatanishi na wakili wake, sevea wa kupima ardhi wanamwita kazi ikifika kwake. Wanachofanya ni kukaa na familia kabla shamba halijakatwa. Nimewapa nyota nne, ile ya tano nitaieleza huko chini.

Shamba letu liko Ng'ombeni upande wa Kwale, minazi kwa wingi, mikorosho, miembe kiasi na kisima. Minazi ya kwanza alipanda babu, baba akaendeleza. Ule mnazi wetu mrefu wa asili wachukua miaka 6 mpaka 10 hivi ndio uanze kuzaa, na ukishaanza unaweza kuendelea miaka 60 na zaidi, kwa hivyo baba alipokuwa akipanda miche juzi juzi tu na umri wake ule alikuwa ashajua nazi zake watakula wajukuu. Lakini ukimwambia baba tukae tuzungumze habari ya kugawa, ananyamaza, anachukua fyekeo anatoka. Na tangu barabara ya Dongo Kundu ilipotokeza Kibundani ndio mabroka hawatulii kabisa, kila mara gari limesimama nje, mtu hata hajakaribishwa ashauliza mzee wauza ngapi. Mambo hayo yalikuwa yakimla baba ndani kwa ndani.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyebaki shamba. Yeye ndiye anayelipa wakwezi, anayefyeka, aliyepanda tena kila mnazi ulipoanguka. Sisi wengine tuko mjini, dada mmoja yuko Nairobi. Wakili wa kwanza tuliyemwendea, si wa ofisi hii, alitoa kalamu akagawanya ekari kwa idadi ya vichwa, akatuambia leteni vitambulisho na picha za pasipoti. Kaka aliinuka akaondoka bila kuaga, na Idi iliyofuata hakuja. Hata leo nikikumbuka naumia, mtu amemaliza ujana wake kwenye lile shamba na hakuna aliyemuuliza hata swali moja.

Sasa huyu mama. Kwanza alimwona kila mtu peke yake, na baba na mama pia, kisha akasema kikao cha pamoja hakifanyiki ofisini, kinafanyika Ng'ombeni. Tulipofika hakutoa karatasi. Akamwambia baba, "Mzee, tutembeze, tuonyeshe wewe mwenyewe." Basi baba akatutembeza, polepole, na mkongojo wake, na mimi niliyezaliwa pale nikasikia mambo sijawahi kusikia. Akatuonyesha mnazi ambao kitovu chake yeye baba kimezikwa chini yake. Akaweka kiganja kwenye vile vipandio vilivyochongwa na babu, na mnazi haunenepi kama miti mingine kwa hivyo vipandio viko vile vile babu alivyoviacha, vyaingia dole gumba la mguu sawasawa. Tukasimama pale sote. Ndio yule mama akamuuliza kwa upole, "Mzee, katika kugawa huku unaogopa nini?"

Baba akasema, "Naogopa siku nikija hapa, niambiwe nipige hodi."

Wallahi hilo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akilijua. Sisi tulidhani yuwang'ang'ania mali. Baada ya hapo kaka naye akafungua mdomo, akasema hataki ekari za ziada, ataka tu mtu aseme mbele ya watu kwamba yeye alikuwa hapa miaka yote hii. Baba akasema, akataja mpaka mwaka wa kiangazi kile kaka alipokuwa akibeba maji ndoo kwa ndoo kutoka kisimani kumwagilia miche. Dada yangu akasema lake la moyoni pia, kwamba aogopa kuambiwa wewe umeshaolewa, lako liko kwa mumeo. Mama mpatanishi hakumkatiza mtu, na hakumwacha mtu amkatize mwenzake, hata mimi nilinyamazishwa.

Kitu kingine nilichompendea, sisi ni Waislamu na hakujifanya shehe. Alituambia tumtafute mtu anayejua fiqhi ya mirathi, yaani sheria ya Kiislamu ya urithi, tumuulize, kisha turudi. Tukaelezwa kwamba mirathi ni baada ya mtu kufa na mafungu yake yashawekwa, mtoto wa kiume apata fungu la wa kike wawili, Suratun Nisaa aya ya 11, na wasia hauvuki thuluthi ya mali wala haumwendei mrithi. Lakini baba akitoa akiwa hai hiyo ni hiba, na lazima akabidhi kweli kweli, si kuandika tu na kuendelea kushika. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, mzazi anaweza kukirudisha alichompa mwanawe. Hapo baba alishusha pumzi. Kisha tukasomewa ile hadithi ya Nuuman bin Bashir, babake alimpa zawadi peke yake na Mtume akamuuliza je, watoto wako wote umewapa kama hivi? Baba alinyamaza kidogo akasema basi, hawa nawapa wote sawa, wa kike na wa kiume. Dada alilia.

Ya kaka ikamalizwa kwa njia ya kwetu pwani, ambako mti waweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ya yule. Minazi yote aliyoipanda kwa mkono wake ikaandikwa ni yake, hata ile iliyoangukia fungu langu, nami ninafurahi kuiona pale. Nyumba na kisima na minazi ya babu baba hakuvitoa, vimebaki kwa jina lake, hodi hapigi kwa mtu. Hicho kitakuja kuwa mirathi, Mungu ampe umri mrefu.

Upande wa makaratasi wakili wao yuko makini. Alitueleza mapema kwamba shamba la kilimo haligawanywi wala halihamishwi mpaka bodi ya ardhi ikubali, hata kama ni zawadi ya baba kwa mwanawe, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Akasema pia mama lazima awepo na akubali. Mama yetu amepika na kuvuna na kusuka makuti pale tangu aolewe, na ile ndio mara ya kwanza mtu kumuuliza rasmi wewe waonaje. Alijibu mengi!

Nyota niliyowanyima ni hii. Makubaliano waliyaandika kwa Kiingereza peke yake, na baba anasoma Kiswahili, tena vizuri sana. Kumpa mzee akubali kitu cha uchungu namna hii kwa lugha asiyoisoma si haki, na tulipoomba cha Kiswahili tulizungushwa kabla ya kupata. Ofisi yenyewe iko juu, ngazi tupu, lifti hakuna, baba alipanda akipumzika kila kituo. Simu pia wanapokea wakitaka.

Bei ni kwa kikao, familia nzima, na wanakwambia mwanzo kabisa. Sevea na ada za serikali ni mbali. Ukienda, omba wakiandike Kiswahili tangu siku ya kwanza, omba kikao cha shambani asubuhi kabla ya jua kali, na yule ndugu anayekaa shamba mpeni yeye nafasi aseme kabla yenu nyinyi wa mjini.