Tangi la Matumbawe Ndani ya Ukuta: Mwongozo wa Mnunuzi wa Mombasa

Nyumba za kale za mawe za pwani yetu zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa katika ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, ambamo wenye nyumba walipanga sahani na bakuli za kaure ili mgeni azione. Tangi la samaki wa baharini lililojengwa ndani ya ukuta ni kidaka cha namna hiyo, ila hiki kina zaidi ya tani moja ya maji ya chumvi, kina stima, na kina mabomba ambayo siku moja yatavuja. Kwa sababu hiyo, vifaa vyote katika mwongozo huu nimevipanga kwa kigezo kimoja, nacho ni kama kifaa kikiharibika kinaweza kufunguliwa na kutolewa kwa upande wa nyuma bila kubomoa ukuta. Wanunuzi wengi huanza na kioo na taa, vitu vinavyoonekana sebuleni, kisha hununua mabomba kwa chenji iliyobaki. Mimi nawashauri wafanye kinyume.

Nitatumia mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 240, upana wa 75 na kimo cha 70, ambalo likijazwa hadi ukingoni huchukua lita 1,260. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake ni karibu kilo 1,290. Ukiongeza vioo vya milimita 19, ambavyo ni karibu kilo 300, pamoja na mawe na mchanga, unafika kilo 1,700 zilizokalia eneo lisilotimia mita mbili za mraba. Sakafu ya kawaida ya chumba cha kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Ghorofani, basi, usinunue chochote kabla mhandisi wa majengo hajatazama michoro ya nyumba, na katika nyumba ya zamani ambayo dari yake inashikwa na boriti za mikoko, tangi la ukubwa huu lisipandishwe juu hata kidogo. Ukuta wenyewe usibebe kitu: tangi likae juu ya stendi yake, na ukuta uwe fremu tu.

Kuhusu tangi lenyewe, nafasi ya kwanza naipa kioo cha kawaida kilichounganishwa kwa silikoni, huku kioo cha mbele peke yake kikiwa cha aina yenye chuma kidogo, kisicho na rangi ya kijani. Kwa kuwa ni upande mmoja tu unaoonekana sebuleni, hakuna haja ya kulipia uangavu wa pande nyingine tatu. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kioo kitakachotobolewa matundu ya mabomba hakikupitishwa kwenye tanuri la kukiimarisha, kwani kioo cha aina hiyo kikiguswa na keekee husambaratika chote. Hakikisha pia kwamba silikoni si ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa maana dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa tangini.

Nafasi ya pili, na kwa tangi linalozidi mita tatu ningeipandisha iwe ya kwanza, ni sanduku la fibaglasi lenye dirisha moja la kioo mbele. Hapa pwani tuna mafundi wanaotengeneza boti za fibaglasi, na mtu anayejua kuzuia bahari isiingie katika boti hashindwi kuizuia isitoke katika sanduku. Fibaglasi hutobolewa popote na hurekebishwa papo hapo, ila rangi na gundi yake vikauke kabisa kwa wiki kadhaa, na mahali kioo kinapokutana na fibaglasi pafanywe na mtu ambaye kazi yake umeiona kwa macho. Akriliki naiweka ya tatu. Ni nyepesi, uzito wake ukiwa chini ya nusu ya kioo chenye unene uleule, na hupitisha mwanga vizuri sana, lakini chembe moja ya mchanga ikinaswa kwenye sponji ya kusafishia huacha mkwaruzo ambao utautazama kila jioni. Tangi la zege lililopigwa vigae sitalijadili.

Sasa mabomba, ambayo ndiyo sehemu nisiyotaka mnunuzi abane hata shilingi. Bora kuliko yote ni PVC ngumu ya presha, inayounganishwa kwa gundi, kwa sababu haitoi chochote ndani ya maji, na kwa sababu ina yunioni, yaani viungo vya plastiki vinavyofunguliwa kwa mkono. Nunua yunioni nyingi kuliko unavyodhani utahitaji: moja kila upande wa pampu, moja chini ya kila tundu la tangi, na moja popote ambapo bomba hupinda kuingia mahali ambapo mkono haufiki. PPR, yale mabomba yanayounganishwa kwa kuchomwa kwa mashine, ambayo mafundi wengi wa mjini huyapendelea kwa maji ya nyumba, ni ya pili. Plastiki yake haina neno na maungio yake ni imara mno, lakini uimara huo ndio ubaya wake kwetu, kwani kilichochomwa hakifunguki ila kwa msumeno. Kuna hatari nyingine iliyojificha: viungo vingi vya PPR vyenye thredi vina pete ya shaba ya manjano ndani yake, na shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. HDPE nyeusi inayouzwa kwa roli inafaa kwa safari ndefu, kwa mfano kutoka tangi la akiba lililoko uani hadi chumba cha nyuma ya ukuta. Paipu nyembamba za maji machafu zinaweza kuteremsha maji, lakini zisiunganishwe na pampu kamwe. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yaachwe dukani.

Neno hili la shaba nimelijua kwa hasara. Katika tangi langu la kwanza, fundi niliyemwamini aliweka geti valvu ya shaba ya manjano kwa sababu hadiwea ya karibu haikuwa na ya plastiki. Baada ya wiki tatu kamba wote walikuwa wamekufa na konokono wameanguka chini, ilhali samaki waliendelea kuogelea kana kwamba hapakuwa na lolote. Nilitafuta kosa katika chumvi, katika chakula na katika taa, mpaka siku nilipomulika tochi nyuma ya ukuta nikaona ukoga wa kijani umeizunguka ile valvu. Shaba kidogo ambayo samaki huivumilia, na ambayo hata hutumika kuwatibu vimelea, huwaua kamba, konokono na matumbawe. Valvu zote, basi, ziwe za plastiki: geti valvu kwenye bomba la kuteremsha maji, kwa kuwa huruhusu kurekebisha kidogo kidogo, na bol valvu mahali ambapo unataka kufungua au kufunga tu.

Kuna njia tatu zinazouzwa za kuteremsha maji kutoka tangi la juu, lile linaloonekana sebuleni, kwenda tangi la chini, lile lililofichwa ambamo pampu huyarudisha maji juu, na ninazipanga hivi. Ya kwanza ni mabomba matatu ya inchi moja na nusu, ambapo la kwanza hubanwa kwa geti valvu hadi lijae maji matupu na kuvuta kama saifoni bila kelele, la pili hupokea mchirizi unaobaki, na la tatu hukaa kavu juu zaidi, likingoja siku ambayo konokono atalala kwenye mdomo wa la kwanza. Ya pili ni mabomba mawili, yaani la saifoni na la dharura. Inafanya kazi vizuri, lakini hutaka kurekebishwa mara kwa mara. Bomba moja linalomeza maji pamoja na hewa ni la mwisho, kwa kuwa hunguruma, na ngurumo iliyo ndani ya ukuta wa sebule haina pa kukimbilia. Popote bomba linapokata kona, elbo mbili za nyuzi 45 ni afadhali kuliko moja ya nyuzi 90.

Ukubwa wa tangi la chini usiuchague kwa macho, bali kwa hesabu. Stima inapokatika, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike kwenye kingo za mlango wa kufurikia, yaani pengo ambamo maji ya juu humwagikia mabombani, na midomo ya mabomba ya kurudisha maji ikiwa imezama, hufyonza kinyume mpaka hewa iingie. Tangi letu la mfano lina eneo la mita za mraba 1.8, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 18. Sentimita nne ni lita 72, bila kuhesabu maji yaliyokuwa ndani ya mabomba. Nafasi hiyo lazima iwepo chini, tupu, kila siku. Muuzaji atakwambia ununue valvu ya kuzuia maji yasirudi. Nunua ukitaka, lakini usiitegemee, kwa sababu katika maji ya bahari huota chokaa na vijidudu vyenye kombe, na valvu isiyofunga sawasawa ni sawa na kutokuwa nayo. Tundu dogo lililotobolewa kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya usawa wa maji, huingiza hewa na kukata mfyonzo huo, nalo halina gharama. Kazi yako pekee ni kulisafisha kila wiki.

Kwa pampu, aina ya volti 24 inayotumia umeme mnyoofu (DC), kama ule wa betri, ndiyo ninayoiweka mbele, ijapokuwa ni ghali zaidi. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 100, zikiunganishwa kwa mfululizo na kutumiwa nusu tu ya uwezo wake, zina takriban wati-saa 1,200. Pampu iliyopunguzwa kasi hadi wati 40 itakwenda nazo saa 30. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na hapa kwetu saa chache za maji yaliyotulia zinatosha kuua. Pampu ya kawaida ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, kama stima yetu, ni ya pili, na ni ya kuaminika sana mradi uwe na inveta. Ile inayoletwa na jamaa kutoka Marekani, ya volti 120 na mizunguko 60, ikataliwe kwa shukrani. Tafuta mtiririko wa lita 4,000 hadi 6,000 kwa saa, si kwa namba iliyoandikwa kwenye kasha, bali kwa chati inayoonyesha kinachobaki baada ya maji kupandishwa mita mbili na kupita kona zote.

Joto ndilo litakalokugharimu zaidi baada ya ujenzi. Mwezi wa Machi bahari yetu yenyewe hukaribia nyuzi 30, na joto la mwaka 1998 lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Tangini tunalenga nyuzi 25 hadi 27. Mashine ya kupoza maji ni chaguo la kwanza, kwa sharti kwamba itoe hewa yake ya moto nje ya nyumba, kwa maana ikifungiwa katika chumba cha nyuma itapigana na joto lake yenyewe. Kiyoyozi cha chumba hicho ni cha pili. Feni zinazopuliza juu ya maji ni za tatu: lita kumi zinazopotea kwa mvuke kwa siku huondoa joto sawa na wati 280 mfululizo, lakini unyevu wa hewa ya Mombasa huzuia mvuke, na maji yaliyopotea lazima yarudishwe yakiwa matamu, kwani chumvi hubaki tangini.

Maji ya kujaza yanaweza kutoka baharini, upande wa Nyali au Shanzu maji yanapokuwa yamejaa, mbali na Tudor na Kilindini, na si katika siku za masika. Ukichagua chumvi ya dukani, iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, takriban kilo 44 kwa tangi hili. Chumvi ya Magarini ni nzuri kwa mchuzi, bali ni kloridi ya sodiamu tu. Matumbawe yenyewe nunua vipande vilivyokuzwa na vyenye hati, kwa kuwa matumbawe magumu yamo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hakuna kinachochukuliwa.

Kabla ya fundi wa plasta kuitwa, jaza tangi maji ya mfereji, uyaendeshe kwa wiki nzima, na kila siku uzime stima ghafla mara mbili au tatu. Piga alama kwa kalamu mahali maji ya tangi la chini yalipofika pampu ikiwa imezimwa, na alama nyingine ikiwa imewashwa. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, kwa sababu huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Halafu funga valvu, fungua yunioni za pampu, uitoe pampu kupitia mlango wa nyuma na kuirudisha, ukiwa peke yako na kwa mkono mmoja ulioshika tochi. Ikiwa umeshindwa, mlango huo ni mdogo, na upanuliwe sasa.